Sahani Moja, Kurasa Mbili

Ndugu msomaji, jina la kwetu lisikudanganye. Mnazi iko wilaya ya Lushoto, chini kabisa ya milima ya Usambara, nchi ya mkonge na jua. Bahari hatuna. Ukiitaka, unapanda mlima kwanza hadi Mlalo, unapita Lushoto, unashuka Mombo, ndipo uitafute Tanga. Mwaka jana nilifunga safari hiyo, lakini si kwa ajili ya kuogelea. Nilibeba kaunta buku tatu za riwaya yangu, maana mwandiko wa mkono siku hizi hakuna mchapishaji anayeutaka.

Stesheneri niliyoingia walinitajia shilingi 1,000 kwa kila ukurasa. Malazi hayakunisumbua, nililala kwa binamu yangu Makorora, kapera asiye na hata jiko. Shida ilikuwa tumbo. Sahani ya kushiba ilikuwa shilingi 2,000. Basi kila nikila, kurasa mbili za riwaya zimeliwa.

Nilikula Ngamiani, mitaa ambayo barabara zake zinaitwa kwa namba. Mgahawa wenyewe ni banda la mabati, mabenchi mawili, meza ya kitambaa cha nailoni na ndoo ya maji yenye koki. Kina mama hawa tuliwazoea kwa jina la mama ntilie, kwa sababu mteja akifika husema, "Mama, nitilie." Siku hizi wanaitwa mama lishe, lakini kutilia ni kule kule.

Ubaoni pameandikwa wali samaki na wali maharage. Kuna wa tatu hauandikwi: wali mchuzi. Huo ni wa aliyechacha. Unapakuliwa wali, unamwagiwa mchuzi wa changu, changu mwenyewe anabaki sufuriani, unalipa nusu. Hakuna wa kukucheka, maana jana alikula yeye.

Siku ya tatu ya wali mchuzi, mama akaniuliza, "Mwanangu, kutwa waandika nini?"

"Riwaya, mama."

"Yalipa?"

Kuli mmoja akadakia, "Angekuwa analipwa angekula mchuzi mtupu?" Benchi zima likacheka, nami nikacheka, ingawa chakula kilinikwama.

Mama hakucheka. Alitoa chini ya meza kaunta buku kama langu, limechakaa, linanuka mafuta ya kukaangia. Lilikuwa daftari la madeni. "Macho yangu hayatazami tena vizuri," akasema. "Nihamishie haya kwenye daftari jipya, nami nitakutilia."

Kwa siku tisa, kila baada ya chakula cha mchana, nilihamisha madeni, naye akinieleza kila jina. Wavuvi wa dagaa hukopa mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa kukiwa na mbalamwezi taa zao hazivuti samaki. Giza likirudi, wanalipa. Dereva wa bodaboda analipa jioni, akishatoa kwanza hesabu ya tajiri. Mwalimu analipa mwisho wa mwezi, tena yote kwa mkupuo. Nilidhani mama anakopesha kwa huruma. Kumbe anajua mwezi, mishahara na njaa ya kila mtu kuliko benki yoyote. Mji unakwenda kazini kwa kuwa yeye amekubali kusubiri.

Kulikuwa na mstari mmoja, mvuvi, wali samaki sita. Nilipoufikia mama akanizuia mkono. "Huyo usimhamishe." Nikauliza kama alilipa. "Hakurudi," akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Vijana wenzangu wengine husema mwandishi anahitaji hoteli tulivu, dirisha linalotazama maji. Raskazone zipo, na upepo wake mtamu. Ila mimi malipo yangu ya kwanza ya kalamu ni wali na changu mzima, sahani ya mabati, Ngamiani. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga hiyo hiyo, alianza kazi kama karani wa forodha. Sijilinganishi naye hata kidogo. Nasema tu kwamba kuandika hesabu za watu si kazi ya kumvunjia mtu heshima.

Sahani zile tisa ziliniokolea kurasa 18. Zilizobaki bado nazisakia pesa hapa Mnazi, na mwezi ujao natarajia kibarua cha kukata mkonge. Nawe unayeota kuandika, ukifika mji mgeni usiishie kutazama bahari. Tafuta benchi la mama lishe, nawa mikono, sogea mwenzako apate pa kukaa. Kisha sikiliza nani anakula kwa pesa taslimu, nani anaandikiwa, na anasubiri nini ndipo alipe.