Barua kutoka Kibiro: jiko la chumvi si jiko la ugali

Shangazi,

Nimefika salama. Kibiro iko ufukweni mwa Ziwa Albert, upande wa Uganda, chini kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kutoka Hoima unafika ukingoni, kisha unateremka mteremko wa mawe mpaka magoti yanatetemeka. Nimekukumbuka sana, kwa kuwa shida ya hapa ni ile unayopambana nayo kila siku: kuni.

Chumvi ya Kibiro ni kazi ya wanawake, na mashamba yake hurithiwa. Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba hapa akaona kazi hii ina zaidi ya miaka 700. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, jua linavuta chumvi juu, wanaukwangua na kuutia kwenye chombo chenye matundu, kisha wanamiminia maji. Yanayochuruzika ndiyo yanayochemshwa, na udongo ule ule unarudi shambani.

Mama aliyenipokea anajua Kiswahili, maana wanunuzi wengine huvuka ziwa kutoka Kongo. Tuliketi kando ya moto wake machozi yakinitoka. Sinia la bati limekaa juu ya mafiga, pande zote wazi, na kila upepo wa ziwa ukivuma ndimi za moto zinalala nje ya sinia, zinachoma hewa tu.

Haraka haraka nikataka kumweleza jiko banifu kama lile unalojenga Pangani. Lakini wewe unawafundisha watu kufunika sufuria na kupunguza moto maji yakichemka. Hapa maji lazima yaondoke! Kugeuza lita moja kuwa mvuke kunadai karibu mara saba ya joto lililotumika kuichemsha. Kwa hiyo sinia libaki wazi, liwe pana na la kina kifupi, na ukuta wa udongo ulizunguke kwa karibu ili moto ulambe kitako chote kabla ya kutoka. Chini kuwe na chekeche la kupitisha hewa, ila si la chuma, kwani chumvi italila mapema. Vipande vya tofali vitafaa. Na moshi usiachwe uende bure: upite chini ya sinia la pili lenye maji mapya, yapate moto yakisubiri zamu, ndipo utoke kwa bomba.

Hata hivyo, naona akiba kubwa zaidi iko kwenye maji yenyewe. Maji yenye chumvi asilimia 5 yanakulazimu kuvukiza kilo 19 za maji upate kilo moja ya chumvi. Yakifika asilimia 10, ni kilo 9. Yaani kuyapitisha maji yale yale kwenye udongo mpya mara ya pili, au kuyaanika juani kwanza, kunaweza kuokoa nusu ya kuni bila kugusa jiko. Mama alitikisa kichwa: analijua hilo, akayaonja kwa ncha ya ulimi kunionyesha anavyopima ukali. Anachokosa ni jiko.

Basi nitumie vipimo vya mchanganyiko wako wa udongo wa kichuguu na majani makavu, na uniambie kama unastahimili maji ya chumvi yakifurika. Tumekubaliana tujenge jiko moja la majaribio, na kuni tutazipima kwenye mizani kabla na baada.

Wako mtiifu,
Mpwa wako