Kitufe kilichopotea Kariakoo

Msomaji, mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Pale kwetu Kimara ukisema hivyo unaletewa redio mbovu uirekebishe! Basi Jumamosi moja mteja wangu, mama anayeuza vitenge Kariakoo, akanipigia: "Mwanangu, hili duka lako mbona halina pa kununulia?" Kwenye kompyuta yangu kitufe cha "Nunua" kilikuwa kinang'aa. Na mwenye nyumba alikuwa anadai kodi ya miezi sita, mshiko niliokuwa nautegemea ni wa huyohuyo mama.

Nikapanda mwendokasi Kimara Mwisho, nimesimama, begi la laptopu kifuani. Kariakoo nikakatisha Mtaa wa Aggrey. Ukiwa na haraka usipite huko! Simu kila kona, na vijana wanakushika mkono: "Anko, karibu, bei poa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu ona mwenyewe."

Simu yake kioo kimepasuka, herufi kazikuza kama za bango maana macho yamechoka. Kitufe hakipo. Kilikuwa kimetokeza nje ya kioo, upande wa kulia.

Sura ya tovuti, yaani rangi, nafasi, upana, tunaipanga kwa lugha inaitwa CSS. Aliyeipendekeza, Oktoba 1994, ni Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa CERN kule Geneva. Pendekezo lake lilitaka hata msomaji awe na sauti kwenye sura ya ukurasa, si mtengenezaji peke yake. Mimi hilo nilikuwa nalijua, halafu nikakaza upana pikseli 480 kwa sababu kwangu ulipendeza. Simu ya mama ina 360.

Nikakaa juu ya robota la vitenge. Nikafuta 480, nikaandika asilimia 100. Herufi nikaziacha zifuate simu. Dakika mbili tu, bwana!

"Kimekuja!" akasema binti wa dukani.

Mama hakucheka. "Wiki mbili wateja wananiambia mimi tapeli."

Nikakosa la kujibu. Akahesabu nusu ya pesa, nyingine mpaka aone oda.

Tulipofika Ubungo mwenye nyumba akapiga. Nikamwambia ya miezi mitatu ipo. Akasema tutaonana barazani.