Alitazama kioo, hakutazama moto

Jumatatu jioni, mama mmoja kutoka Songea alishuka stendi ya Magufuli, Mbezi, akiwa na mwanawe wa miaka mitano, barua ya rufaa na fedha za kuhesabu. Alhamisi mtoto alitakiwa kufanyiwa operesheni ya ngiri. Chumba cha gesti walichopata Kariakoo hakikuwa na jiko, hivyo siku zote hizo wangekula mtaani.

Nyumbani alishaonywa kuhusu vyakula vya Dar es Salaam. Mtoto akiharisha au akipata homa, operesheni ingeweza kuahirishwa, na nauli ya kurudi mara ya pili hakuwa nayo. Kwa hofu hiyo akachagua mahali palipong'aa: kabati la kioo, taa kali, mhudumu mwenye kofia. Akanunua chipsi na paja la kuku. Kuku alikuwa wa vuguvugu, lakini mtoto alikuwa na njaa, akala.

Usiku wa manane akatapika mara mbili.

Asubuhi bibi mmoja, mgeni mwenzao pale gesti, alimkuta mama huyo mlangoni ameshika tama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto alikula nini jana?"

Alipoelezwa, bibi alitikisa kichwa. "Umetazama kioo, hukutazama moto."

Walianzia duka la dawa kununua ORS, mtoto akanyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko. Mchana, alipotulia, bibi akawapeleka kwa mama lishe mmoja nyuma ya sokoni. Lakini hawakukaa. Kwanza walisimama pembeni kama dakika kumi, wakitazama.

Maharage yalikuwa yakitokota juu ya mkaa. Samaki aliingia kwenye mafuta baada ya mteja kuagiza. Wabeba mizigo na wauza duka walikuwa wengi, sufuria haikupata muda wa kulala. Kulikuwa na ndoo ya maji yenye koki, na sabuni. Fedha alipokea binti. Mama lishe mwenyewe alishika upawa tu.

"Karibuni. Na wewe baba, utakula nini?" mama lishe alimuuliza mtoto.

Alikula wali maharage wa moto na ndizi aliyoimenya mama yake. Kachumbari waliiacha, na juisi yenye barafu pia, maana haikujulikana maji yake yalitoka wapi. Mama lishe hakununa.

Alichokifanya bibi ndicho wanachoshauri wataalamu wa afya. Vijidudu huzaliana haraka kwenye chakula kilicho kati ya nyuzijoto 5 na 60. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kabati lenye taa laweza kukifanya chakula kiwe vuguvugu tu, na hilo ndilo joto wanalolipenda vijidudu. Tena kukipasha chakula kilicholala, hasa wali, si kinga kamili, kwa kuwa baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyoondolewa na moto.

Mtoto anayetapika kila anachokunywa, anayeharisha damu, au aliyelegea na macho kudidimia, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Jumanne na Jumatano walirudi kwa mama lishe yuleyule. Alhamisi daktari aliuliza kama mtoto aliumwa wiki hiyo. Mama alitamani kunyamaza, akifikiria nauli. Akasema kweli. Daktari alimpima joto, akamkagua tumbo, akauliza alichokula na lini alitapika mara ya mwisho. Kisha akaruhusu operesheni iendelee.

Siku ya kuondoka walipita sokoni kuaga. Mama lishe alitaka kuwafungia wali maharage wa njiani. Mama alishukuru, lakini safari ya Songea ni ndefu na chakula kingepoa kabla hawajafika mbali. Akanunua ndizi na karanga za kukaanga, wakaenda kupanda basi.