Ukungu wa Pili

Kwetu Segese, mzee akianza kupapasa ukuta anapotoka nje, watu huwa na jibu tayari: ana mtoto wa jicho. Ugonjwa huo tumeuzoea, na tiba yake tumeiona kwa macho yetu. Mgonjwa anashikwa mkono hadi mjini, anarudi amefungwa bandeji, na bandeji ikitolewa anawataja wajukuu zake mmoja mmoja. Tangu Harold Ridley apandikize lenzi ya bandia katika jicho la mgonjwa huko London mwaka 1949, upasuaji huo umewarudishia nuru watu wasiohesabika.

Lakini mazoea nayo yana hila yake. Jirani yetu mmoja, mkulima wa mpunga, alipasuliwa na lenzi ikakaa vizuri. Miezi miwili baadaye aliweza kuona mbuzi aliyepita pembeni, ila uso wa mtu aliyesimama mbele yake ulikuwa kama umefutwa kwa kidole. Wengine walisema daktari kaliharibu jicho. Wengine wakanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Kisukari hakikutajwa, ingawa vidonge vya mzee huyo vilijulikana mtaa mzima.

Maana ya jambo hilo niliielewa siku nilipomsindikiza dada yangu mkubwa Mwanza. Yeye pia ana kisukari. Daktari, kijana wa kuweza kuwa mwanawe, alimwamkia, akampima, kisha akasema, "Mama, jicho lako lina ukungu mara mbili. Wa kwanza uko kwenye lenzi, huo nitautoa. Wa pili uko nyuma."

Alitueleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, uitwao retina, na katikati yake pana sehemu ndogo iitwayo makula. Hiyo ndiyo tunayoitumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura. Sukari ikizidi kwa miaka mingi, mishipa midogo ya damu huchakaa na kuvujisha maji, na makula huvimba. Tena upasuaji wenyewe, hata ukifanywa kwa ustadi, huamsha joto la kidonda ndani ya jicho, na uvimbe uliokuwepo unaweza kuongezeka. Wachimbaji wadogo wa huku kwetu wangemwelewa upesi: kuondoa kifusi ni jambo moja, kuukuta mwamba wenye dhahabu ni jingine.

Tiba za uvimbe huo zipo. Mojawapo ni bevasizumabu, dawa iliyoanza kama dawa ya saratani, ambayo huchomwa ndani ya jicho, na mwanzoni kwa kawaida hurudiwa kila mwezi. Dada aliposikia hivyo akatikisa kichwa. "Mwanangu, kutoka Segese hadi hapa ni siku nzima. Nikija kila mwezi, shamba nimwachie nani?"

Ndipo daktari akazungumzia steroidi iitwayo triamsinoloni. Hiyo huweza kudungwa ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji uleule, mgonjwa akiwa bado kitandani na jicho likiwa na ganzi. Hutuliza uvimbe na kupunguza mvujo, na nguvu yake hudumu kwa miezi kadhaa. Steroidi ina aibu mbili kubwa ndani ya jicho. Ya kwanza ni kuharakisha mtoto wa jicho. Lakini kwa mtu anayetolewa lenzi yake siku hiyohiyo, aibu hiyo haina pa kushika. Ya pili ni kupandisha presha ya jicho, na presha ikiachwa juu huua mshipa wa kuonea pole pole, bila maumivu, na kilichokufa hapo hakirudi.

Hapa ndipo nilipoona uzito wa mambo. Dawa inayomwokoa mkulima na safari nyingi inamdai safari chache ambazo hana ruhusa ya kuzikosa. Anayepewa sindano hiyo kisha akapotelea shambani anaweza kuponywa uvimbe na kupofushwa na presha. Kwa hiyo swali la kwanza si dawa ipi ina nguvu zaidi. Swali ni hili: je, mgonjwa huyu atarudi, na nani atamlipia nauli?

Dada alirudi baada ya wiki chache. Presha ilikuwa imepanda. Alipewa matone, akayatumia kwa saa maalumu, na presha ikashuka. Leo anachambua mchele mwenyewe, chuya hazimpiti. Hata hivyo aliambiwa wazi kwamba sindano haikuponya kisukari. Uvimbe unaweza kurudi sukari isipotunzwa, na makula itahitaji kuangaliwa tena na tena.

Ndugu msomaji, ukiwa na mzazi mwenye kisukari, usingoje apapase ukuta. Retina huanza kuharibika mtu akiwa bado anaona vizuri, hivyo apimwe macho kila mwaka, na daktari aangalie hadi nyuma. Na siku ya kupasuliwa mtoto wa jicho ikifika, taja kisukari chake kabla hujaulizwa. Nauli ya kurudi kupima presha nayo iwekwe kando siku hiyohiyo, kabla fedha za mpunga hazijapata kazi nyingine.