Mji Wangu wa India Uko Makueni

Mji wa India ninaoupenda kuliko yote uko Makueni. Unaitwa Makindu. Pasipoti sina, ndege sijapanda, na India yenyewe nimeiona kwenye simu tu. Lakini mtu akiniuliza ni wapi nimewahi kula dal mpaka nikanyamaza, jibu ninalo.

Kama umewahi kupanda basi la Mombasa, umeshapita hapo. Makindu iko kama kilomita 170 kutoka Nairobi, ukishapita Emali na kabla hujafika Kibwezi. Hapo kando ya barabara ndipo ilipo Gurdwara ya Makindu, hekalu la Masikh, au Makalasinga kama tulivyozoea kuwaita, lililojengwa mwaka 1926.

Historia yake ni historia ya reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Waingereza walileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Shuleni tulifundishwa kuhusu simba wa Tsavo tu, kana kwamba hao wengine wote walikufa kwa raha zao. Makindu ilikuwa kituo cha reli. Masikh waliofanya kazi hapo walihitaji mahali pa kusali, na walipojenga mahali pa kusali wakajenga pia jikoni.

Jikoni ndiko mapenzi yangu yaliko. Masikh wana utaratibu unaoitwa langar, ulioanzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469. Yeyote anayefika anapewa chakula bila kuulizwa dini, kabila wala mfuko wake. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unanawa, unachukua sahani. Nyama hakuna. Kuna dal, chapati, wali, mboga, na chai ya maziwa. Mantiki yake ni ya zamani na rahisi: katika nchi ambayo watu wa tabaka la juu hawakukubali kula na wa chini, wote wale pamoja, kitu kimoja.

Mimi nilifika mwaka nilioacha chuo. Karo ilikuwa imenishinda, kwa hiyo nikashuka kutoka Kitui kwenda Mombasa kutafuta kibarua. Nilipitia Mutomo na Ikutha, nikavuka Mto Athi, nikatokea Kibwezi. Nilikuwa nimesota vibaya. Dereva wa lori alinipa lifti mpaka Makindu, akaniambia, "Ingia pale ule, hakuna mtu atakuuliza kitu." Kweli hawakuniuliza. Kulia kwangu alikaa mama wa Kinairobi aliyevaa saa ya bei, kushoto turnboi mwenye mikono ya grisi. Mzee mwenye kilemba akaja na chapati, akatuwekea mbili mbili sote. Miezi ile kila mtu alikuwa akiniuliza nitafanya nini na maisha yangu. Mzee yule aliniuliza kama nimeshiba.

Nilipomsimulia Susu, nyanya yangu, hakufurahi. Kwetu Ukambani mtu hali kwa watu mikono mitupu. "Walikupa chakula, wewe ukawapa nini?" Nikamwambia ni bure. Akasema hakuna kitu kama hicho, kuna deni ambalo halijadaiwa. Safari iliyofuata alinifungia kilo mbili za ndengu za shamba lake kwenye kiondo.

Nilicheka njia nzima, nikijiona ninayepeleka maji baharini. Halafu nikaanza kusoma. Ndengu, zile Watanzania wanaita choroko, asili yake ni India. Mbaazi, ambazo sisi tunaziita nzuu, pia asili yake ni India. Embe, ambalo Makueni inajivunia mpaka ikajenga kiwanda Kalamba, nalo limetoka pande hizo hizo. Kaunti ya Kitui ilipotangaza mapinduzi ya ndengu chini ya Gavana Ngilu, ilikuwa inasifu punje iliyovuka bahari. Sisi ni watu wa ukame, na kinachotuvusha ukame ni chakula cha Kihindi ambacho tumekizoea mpaka tukasahau kilikotoka.

Jikoni walizipokea zile ndengu kwa mikono miwili. Mpishi mmoja, Mkamba mwenzangu, akazinusa na kuniuliza kwa Kikamba zimetoka upande gani wa Kitui. Nikamtajia kijiji. Akasema, "Hizi zitaiva haraka." Basi. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Sitaki kupaka mambo asali. Kenya tunakula chapati kila Krismasi, lakini wangapi wetu wamewahi kukaa meza moja na Mhindi? Nimekua nikijua duka la Mhindi: yeye nyuma ya kaunta, mimi mbele, pesa katikati. Wao wana hofu zao na sisi tuna dharau zetu, na mlo mmoja haufuti miaka mia moja. Lakini huwezi kumdharau kwa urahisi mtu aliyeinama kukuwekea mboga. Nimejaribu, haiwezekani.

Kinachonipa wasiwasi ni njia. Tangu 2017 kuna treni mpya kati ya Nairobi na Mombasa, na treni hiyo inasimama Emali na Kibwezi, si Makindu. Mji uliozaliwa na reli sasa unaangalia reli ikipita. Umebaki na barabara, na barabara ina watu wenye haraka. Rafiki zangu wa Nairobi wanashuka Mombasa kila Desemba na hawajui kama kuna jikoni linalowangoja katikati ya safari.

Kwa hiyo safari ijayo panda basi au gari la rafiki, mwambie dereva asimame Makindu. Beba kitu, hata kama ni unga wa ngano pakiti moja, Susu atafurahi. Na kama mwezi umekukalia vibaya na huna cha kubeba, ingia hivyo hivyo, uvue viatu, ule.