Mpunga Una Msimu, Tiba Ina Siku Zake

Kwetu Ifakara, mwanamke asiyepata mtoto huulizwa zaidi msimu wa shamba. Ukoo mzima uko pamoja, jioni ni ndefu, na mama wakubwa wana nafasi ya kukutazama tumbo. Mimi na mume wangu tunaishi Lipangalala, shamba liko Minepa, ng'ambo ya mto Kilombero. Mpunga ukishatoa masuke tunahamia huko kabisa, tunalala kibandani na kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua kuzama. Ukiondoka siku mbili tu, kweleakwelea wamekula chakula cha mwaka.

Na tiba ya uzazi nayo haingoji. Vidonge vya kukuza mayai huanzwa siku za mwanzo za hedhi. Picha ya mirija, ile ya kuingiziwa dawa kwenye kizazi ukapigwa eksirei, hufanywa hedhi ikishakatika na kabla yai halijapevuka. Ukizikosa siku hizo chache, subiri mwezi ujao. Miezi mingi ilinipita kwa sababu ya ndege. Nikiaga, mawifi wanauliza naenda mjini kufanya nini, nami sina jibu la kutoa mbele za watu. Na hapo Daraja la Magufuli juu ya mto huo lilikuwa limeshafunguliwa, mwaka 2018. Waliotutangulia walivuka kwa kivuko, na sijui walikuwa wanaaga vipi.

Mama mkwe alitaka nikanyolewe nywele ili kuzima uchawi, kama walivyonyolewa wengi wa bonde hili kwa mganga Bibi Kalembwana wa Ihowanja. Simlaumu, kwake uzazi ukikwama kuna mtu kaushika. Kilichoniumiza zaidi ni dawa za kusafisha kizazi nilizouziwa bila kupimwa chochote. Pesa ya mpunga iliishia humo, na tumbo likaniuma hadi nikashindwa kuinama kupalilia. Walioniombea, walionipa mizizi, walioniuzia vidonge, wote waliniangalia mimi peke yangu. Hakuna aliyemuulizia mume.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeniambia, "Dada, safari ijayo njoo na baba." Mume wangu alikaa kimya muda mrefu juu ya jambo hilo, nami sikumsukuma. Siku moja, tukiwa tunafunga turubai, akasema twende. Mbegu za kiume zinatakiwa zifike maabara ndani ya saa moja, kwa hiyo hazibebwi kutoka Minepa. Ilibidi aache shamba aje mwenyewe, mdogo wake akabaki na ndege. Majibu yakatoka: mbegu zake ni chache na dhaifu, na mimi mrija mmoja umeziba.

Daktari akamuuliza kila mmoja wetu kama utotoni alikojoa damu. Sote tulikojoa. Tumekulia majarubani, na watafiti wa Ifakara waliwahi kuwauliza watoto wa shule za Kilombero habari za kichocho kupitia kwa walimu wao, ili kujua shule zipi zimeathirika zaidi. Daktari hakusema kichocho ndicho chanzo cha tatizo letu. Alisema kichocho kisipotibiwa huweza kuharibu via vya uzazi, na kwamba kisonono na klamidia nazo huziba mirija.

Jioni ile mume wangu alimwendea mama yake. "Mama, tumepimwa. Tatizo ni letu sote wawili, usimwite tena mke wangu pembeni." Nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete, nikasikia. Nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia miaka yote ile. Msimu uliofuata mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemleta kijana wa kuniamia ndege siku zangu za kliniki, na mawifi hawakuuliza kitu.

Mtoto hatujapata. Upandikizaji wa mimba upo Dar es Salaam na gharama yake ni mamilioni, sisi tunayahesabu kwa magunia. Tumekubaliana sehemu ya mavuno iende huko, akiba ya chakula na mbegu isiguswe, na wakati wa kupanda tusizungumze habari za hospitali. Tulipoanza kuishi hivyo, nikarudi kulala usingizi.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo la kutopata mtoto maishani, na naamini, maana wanawake wananifuata hadi jarubani kuniuliza. Ninawaambia waende wawili tangu siku ya kwanza, watunze kila karatasi ya majibu, na waulize tarehe ya picha ya mirija kabla hawajaahidi zamu ya kuamia.