Kutoka Mwanjelwa hadi Kalenga: Nani Aliuita Mji Hivi?

Mwanjelwa, Mbeya

Soko limeshachangamka. Kwenye vizimba vya mchele, kila rundo limechomekwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: Kyela, Mbarali, Kamsamba. Mama aliye mbele yangu anachota kiganja, ananusa, kisha anauliza, "Huu wa wapi, mwanangu?" Bei ataiulizia baadaye. Hapa jina la mahali ni dhamana.

Mbeya yenyewe ni mji wa juzi. Waingereza waliuanzisha mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipokuwa ikivuta watu kutoka kila pembe. Hawakuupa jina la gavana wala la mfalme wao. Walichukua la wenyeji, ambalo Wasafwa wanalihusisha na ibeya, yaani chumvi, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakija huku kubadilishana bidhaa kwa chumvi.

Tukuyu

Ukifika Uyole unaacha barabara kuu na kushika ya Kyela. Baridi inazidi, migomba inasongamana, Mlima Rungwe unajifunika mawingu. Mji huu Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nayo ilipewa jina la ukoo wa mtawala wa Hohenlohe-Langenburg, aliyeongoza chama kilichopigia debe ukoloni kwao Ujerumani. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jina la Wajerumani likaachwa, la Tukuyu likashika. Leo ukisimama stendi ukataja Langenburg, utaonekana umepotea njia.

Marekani mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1632 koloni la Maryland lilipewa jina la malkia Henrietta Maria. Mwaka 1681 Mfalme Charles wa Pili alimpa William Penn ardhi kubwa, ikaitwa Pennsylvania kwa heshima ya baba yake Penn, aliyekuwa amirali. Georgia ikafuata mwaka 1732, kwa jina la Mfalme George wa Pili. Wamarekani walitangaza uhuru mwaka 1776 wakamkataa mfalme, lakini majina hayo wakabaki nayo. Waliopigania uhuru walikuwa watoto wa walowezi wenyewe. Na hata pale jina la wenyeji lilipobaki, kama Massachusetts, ardhi iliwatoka mikononi.

Iringa na Kalenga

Habari hiyo ya Massachusetts ndiyo iliyonifanya niitazame Iringa kwa jicho jingine. Jina ni la Wahehe, latokana na lilinga, boma. Boma lenyewe lilikuwa la Mtwa Mkwawa, pale Kalenga. Agosti 1891 jeshi lake lilikivunjavunja kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaliteka boma Oktoba 1894. Miaka miwili baadaye Tom von Prince alijenga kituo kipya mlimani, juu ya Ruaha Mdogo, akakiita Neu-Iringa. Kwa hiyo mshindi alibeba hata jina la ngome aliyoibomoa, akalibandika kwenye ngome yake.

Kalenga leo ni kijiji kimetulia, kilomita chache kutoka mjini. Ndani ya makumbusho, fuvu la Mkwawa limewekwa kwenye kioo. Alijiua mwaka 1898 asikamatwe, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, na fuvu likarudishwa mwaka 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Safari hii imenifundisha kwamba jina la kienyeji kwenye ramani halitoshi kuonyesha kuwa wenyeji walitendewa haki. Mbeya, Tukuyu na Iringa yote ni majina yetu, lakini kila moja lilifika kwenye ramani kwa njia yake, na njia ya Iringa ilipita kwenye damu.

Njombe ilipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016, aliyechagua majina hakuwa mgeni. Basi walimu wa nyanda hizi, wapelekeni watoto Kalenga. Wasikariri tu jina la mkoa wao. Wajue lilitoka wapi, nani alilihamisha, na kwa gharama gani.